Karura haikuja bure

Wasee, Jumamosi ikifika nusu ya Nairobi iko Karura. Wikendi iliyopita matatu ilituzimikia barabara ya Kiambu, tukamalizia na miguu, na beshte mmoja alianza kulia ati amechoka hata kabla tufike kwa geti. Tulimcheka mpaka basi.

Lakini kuna mtu alifika kwa geti ya huo msitu akatoka na damu kichwani. Januari 1999, vipande vya Karura vilikuwa vimegawiwa mabwenyenye wajenge majumba. Profesa Wangari Maathai akaenda na wenzake kupanda miti. Walinzi wa kukodiwa wakawavamia, wakampasua kichwa. Hakukoma. Wanafunzi wa chuo nao wakaingia barabarani, wakakabiliana na polisi. Msitu ukabaki. 2004 Wangari akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Hao wanafunzi walikuwa rika letu. Kwa hivyo mzee akikuambia vijana wakiandamana wanapoteza tu wakati, usibishane naye. Mpeleke Karura, mkae chini ya mti, kwa kivuli, halafu umwambie arudie hayo maneno.