Ngazi za Sifa za Kilatini katika Nchi ya Wamwera

Katika nchi ya Wamwera, kuanzia Likunja na Ruangwa hadi Nachingwea, Kilatini hakikuingia kwa biashara wala kwa utawala, bali kililetwa na wamisionari Wabenedikto kutoka Ujerumani, waliofungua vituo vya Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka uliofuata, wakaviona vyote viwili vikiharibiwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, kisha wakaanzisha Ndanda mwaka 1906. Kwa zaidi ya nusu karne waumini walisikia Misa kwa Kilatini, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilitaka vijana wa seminari wajifunze lugha hiyo kwa makini pamoja na lugha ya nchi yao. Hivyo walikutana na kanuni inayopanga sifa katika ngazi tatu: ya kawaida, ya ulinganisho na ya upeo.

Kanuni hiyo hukaa mwishoni mwa neno. Shina la kivumishi likiongezewa -ior, au -ius kwa jinsi isiyo ya kiume wala ya kike, huwa la ulinganisho, na likiongezewa -issimus huwa la upeo, kama altus, yaani kilicho juu, kinavyozaa altior na altissimus. Vivumishi vinavyoishia na -er hurudufu r, ndipo pulcher, "zuri", kikatoa pulcherrimus, na vingine sita vya -lis, kikiwamo facilis, "rahisi", hurudufu l na kutoa facillimus. Vile vinavyotumika kila siku ndivyo vikaidi, kwa kuwa bonus, melior, optimus, yaani "-ema" katika ngazi zake tatu, havifanani hata kidogo na hukaririwa tu.

Edward Steere, askofu wa Kianglikana aliyewaongoza watumwa walioachwa huru hadi Masasi mwaka 1876, alikuwa amekwisha kuchapisha sarufi yake ya Kiswahili mwaka 1870. Katika zama ambazo sarufi ya Kilatini ilikuwa kipimo cha lugha nyingine, alieleza wazi kwamba kivumishi cha Kiswahili hakina maumbo ya ngazi hizo, na kwamba ulinganisho hufanywa kwa "kuliko" au kwa vitenzi kama "kupita". Uaminifu huo unastahili heshima, maana angeweza kubuni jedwali la ngazi tatu lisilokuwapo katika vinywa vya watu. Lyndon Harries, aliyechapisha sarufi ya Kimwera mwaka 1950, aliitoa katika mfululizo uliohusu sarufi za Kibantu, wakati ambapo lugha hizi zilikuwa zimeanza kuchunguzwa kwa misingi yake zenyewe.

Kukosa umbo, hata hivyo, si kukosa maana, na jambo hilo huonekana vizuri zaidi katika tafsiri ya sala. Umbo la -issimus hubeba maana mbili bila kuzitenga: kuwa na sifa kwa kiwango kikubwa mno, na kuwazidi wengine wote. Mariamu anapoitwa purissima katika Litania ya Loreto, Kilatini hakimlazimishi msomaji kuchagua, ilhali Kiswahili humtaka mfasiri aamue kati ya "safi sana", ambayo haimtaji mwingine, na "safi kuliko wote", ambayo huwaleta wengine mbele na kuwapima. Wakati mwingine uamuzi bora ni kuacha kipimo kabisa. Katika utenzi wa Utukufu wa Misa ya Kiswahili, Altissimus limekuwa "Mkuu" tu, na hakuna kilichopotea, kwa sababu maneno "peke yako" yanayolitangulia yamekwisha kuondoa mshindani yeyote.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu lugha za watu katika ibada kwa hati ya tarehe 4 Desemba 1963, mwaka uleule lilipoundwa Jimbo la Nachingwea, ambalo tangu 1986 huitwa Jimbo la Lindi. Kilatini kikarudi nyuma, lakini Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 bado inawataka waseminari wakifahamu vyema. Hata majina ya shule zao ni ya ngazi ya ulinganisho: kinachoitwa kwa Kiswahili seminari ndogo, kama Namupa, kwa Kilatini ni seminarium minus, na seminari kuu, kama Peramiho, ni seminarium maius.