Pumzi Inayohesabiwa: Historia ya Kupima Mapafu ya Mtoto Mchanga na Maana Yake katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

Spirometa aliyoieleza John Hutchinson jijini London mwaka 1846 ilimtaka mpimwaji avute pumzi na kuitoa kwa amri. Mtoto mchanga hatii amri. Kumpima uwezo wa mapafu kulihitaji maabara na wataalamu. Katika zahanati, kwa hiyo, njia iliyoshika mizizi ni kuhesabu pumzi. Utafiti wa Frank Shann na wenzake nchini Papua Guinea Mpya, uliochapishwa mwaka 1984, ulisaidia kuipa msingi. Shirika la Afya Duniani liliweka viwango: pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2, na 50 kwa wa miezi 2 hadi 11.

Kipimo hiki kimeokoa maisha, kwani hubaini nimonia mapema. Hata hivyo, hujibu swali la ugonjwa wa leo tu. Kandokando ya makarasha ya wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama, ambako baadhi ya akina mama huponda mawe wakiwa na watoto mgongoni, vumbi la silika hudhuru polepole. Mtoto wa chini ya miezi 12 anayepumua mara 40 kwa dakika huandikwa kuwa hana nimonia, na daftari haliongezi neno. Mtafiti wa historia ya afya ya ukanda huu asiuchukue ukimya wa daftari hilo kuwa ushahidi wa mapafu salama. Ni ushahidi wa kipimo kilichokuwapo.