Heshi: Alama inayotambulisha faili za programu

MNAMO Februari 20, 2016, wadukuzi waliingilia tovuti ya Linux Mint, mfumo wa kuendeshea tarakilishi unaotolewa bila malipo, wakabadilisha kiungo cha kupakua toleo lake la 17.3 Cinnamon. Waliofuata kiungo hicho walipata faili iliyoonekana kuwa halali, kumbe ilikuwa imepachikwa mlango wa siri wa kuwaingiza wahalifu tarakilishini.

Kiongozi wa mradi huo, Clement Lefebvre, alipotangaza uvamizi huo alichapisha orodha ya heshi za faili halali. Aliyekuwa na shaka alitakiwa kukokotoa heshi ya faili yake na kuilinganisha na orodha.

Heshi ni nini?

Heshi ni tokeo la hesabu inayopitia faili nzima, iwe ndogo au kubwa, na kutoa alama yenye urefu usiobadilika. Kanuni ya SHA-256 hutoa alama ya biti 256, ambayo huandikwa kwa nafasi 64 za tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f.

Faili mbili zinazofanana kabisa zina heshi moja hata zikiwa na majina tofauti. Biti moja tu ikibadilika, heshi nayo hugeuka. Hata faili tupu ina heshi yake: kwa SHA-256 huanza na e3b0c442, iwe imekokotolewa Kisumu au Tokyo. Lakini heshi haiwezi kurejeshwa ikawa faili, jinsi unga usivyoweza kurudi kuwa punje za mahindi.

Maktaba ya heshi

Nchini Marekani, taasisi ya viwango na teknolojia, NIST, ina maktaba ya marejeleo ya programu iitwayo NSRL. Maktaba hiyo hukusanya programu, hukokotoa heshi za faili zake na kutoa orodha kwa umma. Wapelelezi wanaochunguza tarakilishi ya mshukiwa hutumia orodha hiyo kuweka kando faili za programu zinazojulikana, wakabaki na chache za kukaguliwa kwa makini.

Hata hivyo, kuwemo orodhani si cheti cha usalama. NSRL ina pia heshi za zana za udukuzi. Heshi husema faili ni ipi. Haisemi kama ni njema.

Udhaifu

Si kila kanuni ni ya kuaminika. MD5, iliyobuniwa na Ronald Rivest mwaka wa 1991, iliporomoka mwaka wa 2004 wakati mtafiti wa China, Wang Xiaoyun, na wenzake walipoonyesha data mbili tofauti zenye heshi moja. Mwaka wa 2017, kampuni ya Google na kituo cha utafiti cha CWI cha Amsterdam walifanya vivyo hivyo kwa SHA-1. SHA-256 haijavunjwa hivyo.

Udhaifu mwingine ni chanzo cha heshi yenyewe. Mdukuzi aliyeweza kubadilisha faili katika tovuti anaweza pia kubadilisha heshi iliyoandikwa kando yake. Ndiyo maana mfumo wa Debian huorodhesha heshi za vifurushi vyake vya programu, kisha orodha hulindwa kwa sahihi ya kidijitali inayokaguliwa kabla ya kifurushi kusakinishwa.

Jinsi ya kukagua

Katika Linux, amri ya sha256sum ikifuatwa na jina la faili hutoa heshi. Katika Windows hutumiwa certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Katika tarakilishi za Apple, shasum -a 256. Heshi ikitofautiana na ile ya mtengenezaji hata kwa herufi moja, faili hiyo si ile aliyoitoa na haifai kufunguliwa.