Hori ya Mida: kutazama na kupiga picha ndege

Hori ya Mida ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu karibu na Watamu, kaunti ya Kilifi, Kenya, ukipakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kandokando kuna mikoko, na maji yakipwa hubaki uwanda wa tope na mchanga ambako ndege wa pwani hutafuta chakula. Watamu ilifanywa hifadhi ya bahari mwaka 1968.

Saa ya kwenda huamuliwa na maji. Yakipwa kabisa, ndege hutawanyika mbali na kuonekana vitone tu hata kwa darubini. Yakijaa pomoni, hukimbilia sehemu za juu kupumzika. Wakati wa kuwapata ni maji yanapojaa, hasa ya bamvua, kwani huwasukuma hadi karibu na mtu aliyetangulia kuketi. Kumnyatia ndege topeni ni kujitesa bure. Kwa kuwa maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, huchaguliwa siku ambazo hujaa asubuhi. Kufikia saa nne tope limeshapata joto, hewa juu yake inacheza, na picha hutoka na ukungu hata kwa lenzi ya bei mbaya.

Wageni kutoka kaskazini, kama sululu na aina nyingi za vitwitwi, huwa wengi kuanzia Agosti hadi Aprili. Anayetafutwa zaidi ni mla-kaa, Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya upande wa Uarabuni, Oman ikiwemo, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Huku Mida hukimbia hatua chache, husimama, hukimbia tena. Kaa mdogo humezwa mzima, mkubwa huvunjwavunjwa kwanza. Kinda, ambaye mgongo wake ni wa kijivu, bado humfuata mzazi akiomba kulishwa, ingawa ameshavuka bahari kwa mbawa zake. Hiyo ndiyo picha ya kungojea. Kamera ikiachiwa ipime mwanga yenyewe mbele ya tope jeusi, manyoya meupe huungua na kubaki bila alama yoyote, kwa hiyo mwanga hupunguzwa kwa mkono.

Kuwarusha ndege makusudi ili wapigwe picha wakiruka ni tabia mbaya, na mbaya zaidi Machi na Aprili, wanapojaza mafuta mwilini kwa safari ya kurudi. Akishtuka mmoja, kundi zima hupaa.

Wasiotaka kukanyaga tope hutumia daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege. Kiingilio chake huchangia karo ya wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya jirani.