Mausia ya Bwana: Neno "Pikudim" katika Zaburi ya 119



Juma lililopita, baada ya sala ya Jumuiya Ndogo Ndogo, mama mmoja mzee alitusubiri mlangoni. Ilikuwa imesomwa sehemu ya Zaburi ya 119, na neno moja lilikuwa limemtatiza. "Baba Padre," akasema, "hayo mausia ni ya nani aliyekufa? Mungu hafi." Tulimjibu kwa kifupi kwamba ni namna nyingine ya kusema amri, tukaagana. Njiani tulitambua kwamba tulikuwa tumejibu kama mtu mwenye haraka, na kwamba swali lake lilistahili zaidi.

Zaburi hiyo ni ndefu kuliko zote. Ina aya 176, zilizopangwa nane nane chini ya kila moja ya herufi 22 za Kiebrania. Mtunzi wake anayo maneno manane ya kuitaja Sheria ya Bwana, naye huyapokezanisha tangu mwanzo hadi mwisho. Mojawapo ni pikudim, lile ambalo tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 inaliita humo "mausia". Katika Agano la Kale lote neno hili linaonekana mara 24 tu, na mara 21 kati ya hizo zimo katika Zaburi hii moja. Tatu zilizobaki nazo zimo katika Zaburi nyingine, yaani ya 19, ya 103 na ya 111. Halimo katika vitabu vya Musa. Ni neno la watu wanaosali.

Limetokana na kitenzi pakad, ambacho hakina mwenzake mmoja katika Kiswahili. Ni kumjia mtu ili kumwangalia hali. Ni kuhesabu watu. Ni kumkabidhi mtu kazi au kitu. Bwana alipomjia Sara naye akapata mtoto uzeeni, kitenzi ni hicho (Mwa 21:1). Wana wa Israeli walipohesabiwa jangwani, kitenzi ni hicho (Hes 1). Potifa alipomweka Yosefu juu ya nyumba yake, ni hicho (Mwa 39). Hata nafaka iliyowekwa akiba Misri kwa ajili ya miaka saba ya njaa inaitwa pikadon, yaani amana (Mwa 41:36). Tukitazama jamaa hii yote ya maneno, tunamwona mwenye nyumba apitaye kati ya watu wake: anawahesabu, anamtambua kila mmoja, kisha anamwachia sehemu yake ya kazi. Pikudim ni sehemu hiyo aliyoachiwa.

Walimu wetu wa seminari walituonya, na kwa haki, kwamba shina la neno si maana yake yote. Wala tusilipambe neno hili likawa tamu tupu. Kitenzi hicho hicho ndicho kinachotumika Mungu anapopatiliza maovu ya baba juu ya wana (Kut 20:5), na nabii Amosi anakitumia kuwatisha wale wale waliojuliwa na Bwana kuliko mataifa yote (Amo 3:2). Anayekuja kutazama huona pia kilichoharibika. Ajabu ni kwamba mtunzi wa Zaburi anayajua hayo, na bado anayapenda mausia.

Wayahudi walipoitafsiri Zaburi hii katika Kiyunani, pikudim na mitsvot, yaani amri, yote mawili mara nyingi yalipewa neno moja, entolai. Kilatini kilifuata. Tofauti ikafifia, na Kanisa la Magharibi likasali hivyo kwa karne nyingi, tena kila siku, kwa maana hadi mageuzi ya Papa Pius X ya mwaka 1911 mapadre walisali Zaburi hii nzima kila siku katika Breviari. Mtakatifu Yeronimo alikuwa ameiona shida hiyo mapema. Katika Zaburi ya 19, Zaburi yake iliyofuata Kiyunani inasema iustitiae, yaani haki; lakini alipotafsiri upya kutoka Kiebrania aliandika praecepta, maagizo. Hata hivyo iliyobaki midomoni mwa watu ni ile ya kwanza. Waamini hawaachi upesi sala waliyoizoea, na sisi mapadre ndio wa kwanza kwa ugumu huo.

Kitenzi pakad chenyewe kilipata njia nyingine. Kiyunani kilikitafsiri mara nyingi episkeptomai, kutazama kwa kujali. Ndicho kilichomo katika wimbo wa Zakaria tunaousali kila asubuhi katika Masifu, kuhusu Mungu aliyewajia watu wake (Lk 1:68), na ndicho anachotumia Bwana wetu anapowataja waliomtazama alipokuwa mgonjwa (Mt 25:36). Katika jamaa hiyo kuna episkopos, mwangalizi, neno lililopita kwa Waarabu na kutufikia sisi likiwa "askofu".

Jumapili, baada ya Misa ya kwanza, tulimtafuta yule mama. Tulimwambia kwamba usia si lazima uwe wa mfu. Ni neno la mtu akabidhiye jambo zito kwa wale anaowaamini. Kisha tukamfungulia mwisho wa kitabu cha Mwanzo. Yosefu yu karibu kufa, anawausia ndugu zake, na mara mbili anarudia kitenzi hicho hicho: Mungu hakika atawajia, nanyi mtaichukua mifupa yangu kutoka huku (Mwa 50:24-25).

Mama alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na mifupa, waliichukua?"

Tukamsomea Kutoka 13:19, ambapo Musa anaibeba usiku ule wa kutoka Misri, kisha Yoshua 24:32, ambapo inazikwa Shekemu.

"Basi walimsikia," akasema, akaenda kuwahi basi.