Mzingo, eneo, ujazo: Hesabu za darasani zitakazookoa pesa yako

Unanunua shamba. Dalali anatembea hatua 70 huku, hatua 70 kule, kisha anakwambia: "Ekari yako hii hapa." Swali ni moja tu: hatua za nani?

Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Hatua 70 kwa 70 zinafika hapo kama kila hatua ina sentimita 91. Mwenye hatua ya sentimita 80 atakupimia mita 56 kwa 56, yaani mita za mraba 3,136. Hapo umepoteza zaidi ya mita za mraba 900. Ni viwanja viwili vya mita 20 kwa 20, na chenji inabaki!

Ndiyo maana hizi hesabu tatu si za kuachia watoto wa shule.

1. Mzingo: urefu wa kuzunguka

Jumlisha pande zote. Kwa mstatili: (urefu + upana) × 2. Hii ndiyo hesabu ya uzio.

Kwa duara: 3.14 × kipenyo.

2. Eneo: ukubwa wa sehemu

- Mstatili: urefu × upana
- Pembetatu: kitako × kimo ÷ 2
- Duara: 3.14 × nusu kipenyo × nusu kipenyo

Usichanganye eneo na mzingo. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 na cha mita 30 kwa 10 vyote vina mzingo wa mita 80, uzio ni uleule. Lakini cha kwanza kina mita za mraba 400, cha pili 300.

Kiwanja kimekaa upande? Pima kutoka kona hadi kona, njia zote mbili. Pande zinazotazamana zikiwa sawa lakini vipimo hivyo viwili vinatofautiana, kona hazijanyooka na eneo ni dogo kuliko unaloambiwa. Kigawe pembetatu mbili, tafuta eneo la kila moja, kisha jumlisha.

3. Ujazo: kinachoingia ndani

Urefu × upana × kina. Bodi ya lori yenye urefu wa mita 3, upana mita 2 na kina sentimita 50 (mita 0.5) inabeba mita za ujazo 3 za mchanga. Mchanga ukiishia sentimita 40, umeletewa 2.4 tu. Macho yanaona pengo la sentimita 10, mfuko umepoteza sehemu moja ya tano ya tripu.

Tangi la duara: eneo la kitako × kimo. Lenye kipenyo cha mita 1 na kimo cha mita 1.3 linaingiza kama lita 1,020, kwa sababu mita moja ya ujazo ni lita 1,000.

Kabla hujalipa

Ukiambiwa kiwanja ni "20 kwa 20", uliza: 20 za nini? Zikiwa mita, ni mita za mraba 400. Zikiwa futi, ni kama 37 tu, hata moja ya kumi haifiki.

Nenda na futi kamba yako, pima mwenyewe, piga hesabu kwenye simu hapohapo. Hatua za dalali muachie dalali.