Kisangani: kutembeza watoto na mama kwenye mji wetu



Vakansi iliyopita, watoto wawili wa dada yangu walitoka Kinshasa kuja kwetu Kisangani. Siku ya pili tu, mkubwa, mwenye miaka 12, akaniuliza: «Mjomba, nani alianzisha huu mji?» Mimi, mtu wa diploma, nikajibu bila kufikiri: «Stanley, mwaka 1883.» Mama yangu alikuwa anachambua sombe pale kando. Akasema: «Kesho muwe tayari asubuhi. Tutatembea wote.»

Tulianzia Wagenia. Wengi wetu tumezoea kupeleka wageni pale wapige picha, kiisha tunarudi. Lakini simama kidogo utazame. Wavuvi wamesimika miti mikubwa ndani ya mashimo ya mawe, wameifunga kwa kamba za msituni, na juu yake wanatundika vikapu vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Maji yanasukuma samaki ndani, samaki hawezi tena kugeuka. Hii ni akili ya watu waliosoma mto huu kwa vizazi vingi. Stanley alipoteremka hapa Januari 1877, alikuta watu wa mto na mitumbwi yao. Desemba 1883 alirudi, akaweka kituo juu ya kisiwa, akaacha mzungu mmoja wa kukilinda, akaenda zake. Mama akamwuliza mjukuu: «Sasa, kama unafika kwa mtu, unakuta anapika, wewe ndiye ulianzisha ile nyumba?» Mtoto akacheka. Mimi nikanyamaza.

Palepale utaelewa pia kwa nini mji uko hapa, si pengine. Kutoka Kinshasa meli inapanda karibu kilomita 1,700 na kufika Kisangani, kiisha haiendi mbele tena. Maporomoko saba yanafunga njia mpaka Ubundu. Ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kutoka ng'ambo ile ya Lubunga mpaka Ubundu, wakati huo ikiitwa Ponthierville. Ilimalizika 1906. Kila mzigo ulishuka hapa, ukavushwa, ukapandishwa tena. Mji wetu ulikua kwa sababu ya watu wa kubeba.

Mdogo akauliza kwa nini sisi tunasema Kiswahili kumbe wao kule Kinshasa wanasema Lingala. Hapo lazima kumtaja Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa Zanzibar. Watu wake walikuwa hapa na pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1886 walifukuza watu wa kile kituo cha wazungu. Mwaka 1887 mfalme Léopold II, badala ya kupigana naye, akamfanya gavana wa Stanley Falls. Mwaka 1893 majeshi ya yule yule mfalme yakawaondoa watu wake kwa bunduki. Nilipomaliza, mtoto akauliza: «Basi lugha yetu ilikuja na watu wa kuuza watu?» Nilitaka kuzunguka swali. Mama akajibu mwenyewe: «Ndiyo, ilikuja nao. Lakini wale waliofungwa kamba nao waliisema, nasi ni wajukuu wao. Usione haya kuisema. Lakini usifiche pia.»

Tukapanda toleka mpaka Makiso, katikati ya mji. Huko nikawaambia juu ya karani mmoja wa posta aliyetumika Stanleyville kuanzia miaka ya 1940, akisoma usiku, akiandika magazetini: Patrice Lumumba. Wengi wanajua hotuba yake ya tarehe 30 Juni 1960. Wachache wanajua kwamba miezi minane mbele, mwisho wa Oktoba 1959, watu waliuawa kwa risasi katika mji huu kwa sababu ya mkutano wa chama chake, naye akakamatwa tarehe 1 Novemba. Babu alikuwa kijana wakati ule, na Mama alikua akisikia habari hiyo kwake jioni nyingi. Juni 2022, jino lake liliporudi kutoka Ubelgiji, sanduku lilipita hapa kabla ya kuzikwa Kinshasa. Mama alikuwa amesimama barabarani siku ile. Alisema alikwenda kwa niaba ya babu.

Mji huu umeona mengi: serikali ya Gizenga mwisho wa 1960, Simba mwaka 1964, maasi ya 1966 na 1967. Hayo yote niliyasoma. Yale ya 2000 niliyapitia mgongoni mwa Mama, nikiwa na miaka minne.

Kwa hiyo mwisho tulikwenda kwenye daraja la mto Tshopo. Nikaanza kueleza watoto kama mwalimu: majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya mji wetu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, ndiyo tunaita vita ya siku sita. Mama akanikata: «Wee mwana, vita ilikuwa tatu. Ya siku tatu, ya siku moja, na ile ya siku sita. Ninyi mulisoma, lakini munahesabu moja tu.»

Nikafikiri amechanganya. Usiku nikatafuta. Agosti 1999, siku tatu. Mei 2000, siku moja. Juni 2000, siku sita. Mama hakukosea hata kidogo.

Pale darajani alisimulia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Siku ya tatu maji yaliisha nyumbani. Jirani yetu, aliyekuwa akinibeba mimi mara nyingi, akachukua bidoni akatoka. Hakurudi. Mama alisema hivyo tu, kiisha akaangalia mto. Umoja wa Mataifa uliandika kwamba vita ile iliua raia zaidi ya 760, ikajeruhi kama 1,700, ikaharibu nyumba zaidi ya 4,000. Nilikuwa najua hesabu hizo kwa kichwa. Sikujua kama ndani yake kuna mtu aliyenibeba.

Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamuru Uganda ilipe nchi yetu dola milioni 325, milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano. Sehemu kubwa, milioni 225, ni kwa ajili ya watu waliouawa na kuumizwa. Kuhusu Rwanda, mahakama ilisema tangu 2006 kwamba haina uwezo wa kuihukumu. Nani alipwe, kwa ushahidi gani, ni maneno marefu. Lakini ushahidi mwingi bado uko kichwani mwa watu kama Mama, na watu hao wanazeeka.

Ndugu, tunaandika travaye zetu juu ya mji huu na kunakili tarehe kutoka kwa wenzetu walionakili kwa wengine. Naomba kitu kimoja: Dimanche moja, chukua mzazi na mtoto, tembeeni. Mzazi aseme, mtoto aulize, wewe andika, kiisha uhakikishe tarehe. Jina la mtu, avenu, mwaka. Ukurasa mmoja unatosha.

Mimi nimeanza. Bado natafuta jina kamili la yule jirani. Mama anakumbuka moja tu, lile la kuitwa nyumbani.